Kabla hujakata tiketi ya kwenda kumwona mnyama adimu

Mnyama adimu wa kwanza kunishika moyo alikuwa chura wa kwetu Tanzania, na nilimwona New York. Ilikuwa 2013, nimekwenda kumsaidia mdogo wangu aliyekuwa amejifungua. Siku moja akanipeleka Bronx Zoo, tukaingia jengo la wanyama watambaao, na pembeni ya kioo kimoja nikasoma neno Kihansi. Nilisimama pale mpaka mtoto akaanza kulia. Ni chura wa rangi ya manjano, mdogo wa kukaa juu ya sarafu ya shilingi mia. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, kwa hiyo kilichonigusa zaidi ni kwamba chura huyu hatagi mayai majini kama wenzake. Anazaa watoto hai, kila mmoja kama punje ya mchele.

Niliporudi Tanga nikaanza kufuatilia habari zake. Aligunduliwa 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, kwenye kipande kidogo cha ardhi kilichokuwa kikilowa manyunyu ya maporomoko usiku na mchana. Likajengwa bwawa la umeme, maji ya korongoni yakapungua, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani ili kizazi kisipotee. Waliobaki waliangamia, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura ukiwa mmoja wa watuhumiwa, na 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Lakini wale wa Bronx na wenzao wa Toledo, Ohio, walikuwa wanazaana. Mwaka 2010 baadhi wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kuachiwa korongoni kwao, ambako sasa mabomba yananyunyiza maji badala ya maporomoko. Tangu nijue kisa hicho, kila ninapopanga safari ya kumwona mnyama, nauliza kwanza habari za watu wanaomshughulikia. Kwa mnyama aliyebaki kidogo, pasipo watu hao hakuna cha kwenda kuona.

Mshahara wangu ni wa muuguzi wa serikali na sina mfadhili. Ninayoandika hapa ni ya mtu anayeweka akiba, anapanda basi, na anaomba likizo mapema.

Shauri la kwanza: mnyama mmoja, safari moja. Nimekutana na watu waliopanga sokwe wa milimani (wale wakubwa waitwao gorila), faru na sokwemtu ndani ya siku kumi. Nusu ya siku hizo ziliishia kwenye mabasi, na ukiwauliza waliona nini wanakutolea simu. Ukichagua mmoja unapata muda wa kumsoma kabla hujaondoka nyumbani: anaishi wapi, wamebaki wangapi, wanauawa na nini, nani anawalinda, na huyo anayewalinda analipwa na nani. Maswali hayo nayaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kuacha nafasi ya majibu. Lile la mwisho ndilo linaloniambia pesa yangu niipeleke wapi.

Shauri la pili: anzia karibu. Kama hujawahi kabisa, nenda Jozani, Unguja. Daladala za kwenda Jambiani zinapita mlangoni. Pale yupo kima punju, mnyama asiyepatikana porini mahali pengine popote duniani isipokuwa Zanzibar. Watu walikuwa wakimwogopa kuwa ana sumu, na jina lake limetokana na hilo. Wakulima wa kusini mwa msitu bado wananung'unika kwamba anakula nazi changa, na wana haki ya kusikilizwa, kwa hiyo muulize mwongozaji wako mapato ya mlangoni yanavifikiaje vijiji. Hesabu iliyotangazwa 2017 ilikuta kima zaidi ya 5,800, kama mara tatu ya waliodhaniwa kuwapo.

Jozani ni mahali pazuri pa kujifunza kukaa kimya. Kima wamezoea watu, watakukaribia wao wenyewe, na mkono utakuwasha kutaka kumgusa. Usimguse, usimpe ndizi, rudi nyuma hatua chache akikusogelea. Ukiwa na bahati utamwona anatafuna kipande cha mkaa alichookota karibu na nyumba za watu. Anakula majani ya miembe na mikungu, yana kemikali zinazomsumbua tumbo, na mkaa unamsaidia. Hospitali nasi tunao mkaa kwa mtu aliyemeza sumu. Ukitoka, angalia barabara: yale matuta yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima. Kwangu matuta yale ni sehemu ya kutazamwa kama kima wenyewe.

Sasa fedha. Kama wewe ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, usitishwe na bei unazoziona mtandaoni. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani Rwanda ni dola 1,500 kwa mgeni wa mbali tangu 2017, na ukisoma hapo tu utafunga daftari. Lakini raia wa jumuiya ana bei yake. Uganda, 2022, mgeni kutoka Ulaya alilipa dola 700. Mimi nililipa shilingi za Uganda 250,000. Bei zimepanda tangu wakati huo, ila pengo bado ni kubwa mno. Ulizia bei ya raia kwa maneno hayohayo, kwa sababu wakala hatakutajia usipouliza, na beba pasipoti halisi, si nakala. Kwenye makaratasi ongeza cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Choma sindano hiyo angalau siku kumi kabla ya safari, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiki.

Lipia kibali kwanza, basi baadaye. Familia moja ya sokwe inatembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, tena kwa saa moja tu, hivyo nafasi za miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, huisha mapema. Kwa Bwindi, msitu wa sokwe hao kusini magharibi mwa Uganda, kibali kinatolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Ukipitia wakala, usimalizie malipo mpaka uone karatasi yenye jina lako na namba ya pasipoti yako. Uliza pia, kabla ya kulipa, mtu akiugua siku ya safari inakuwaje, anarudishiwa kiasi gani, anapewa siku nyingine au la. Nasema hivyo kwa sababu ilinikuta.

Mara ya kwanza nilifika Buhoma, kwenye lango la Bwindi, 2019. Nilikuwa nimesafiri kwa mabasi kutoka Tanga, Dar, Bukoba, nikavuka Mutukula, Kampala, kisha basi la Butogota, na kipande cha mwisho bodaboda kwenye vumbi. Usiku ule koo likaanza kuwasha. Alfajiri makamasi. Asubuhi wageni wote hukusanywa kupewa maelekezo, na swali moja ni kama kuna mwenye kikohozi, mafua, homa au kuharisha. Nilikuwa nimetumia akiba ya miezi 14. Mafua yalikuwa madogo, ningemeza dawa na kunyamaza, hakuna ambaye angejua.

Lakini nilikuwa nimeshasoma habari za 1996. Mwaka huo familia moja ya sokwe hapohapo Bwindi ilianza kunyonyoka manyoya. Daktari aliyeitwa alikuwa Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa kwanza wa mifugo katika mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kijana bado wakati huo. Aligundua ni upele, huu huu wa binadamu tunaoutibu zahanati kila wiki. Sokwe walitoka msituni kula migomba ya watu, na inaaminika waliupata kwenye nguo chafu zilizovishwa sanamu za kufukuzia wanyama mashambani. Mtoto mmoja wa sokwe alikufa. Miaka saba baadaye daktari huyo akaanzisha shirika linalotibu pande zote mbili, watu wa vijijini na sokwe wa msituni, kwa sababu ugonjwa ni mmoja. Sokwe wa milimani walikuwa 1,063 dunia nzima kwa hesabu zilizokusanywa kati ya 2015 na 2018. Nikanyoosha mkono nikasema naumwa.

Nikakaa kambini siku ile nikisikia wenzangu wanarudi wakicheka. Niliumia, sitaficha. Nikarudi 2022.

Jiandae mwili. Mimi nilikwenda Lushoto wikiendi nne mfululizo kupanda na kushuka, maana Bwindi hakuna tambarare: ni mabonde yaliyosimama, utelezi, na mizizi. Vaa suruali nene, chomeka miguu yake ndani ya soksi ndefu. Siafu wa Bwindi hawana mzaha, wakikuingia unavua mbele za watu. Glavu za shamba zitakusaidia kushika matawi yenye miiba na majani yanayowasha. Koti la mvua hata kama jua linawaka, maji lita mbili, barakoa tatu kwa sababu moja italowa jasho na nyingine mvua. Kodi mpagazi hata kama begi lako ni jepesi. Ni kijana wa kijiji cha karibu, anajua wapi pa kukanyaga, na ujira anaoupata hapo unampa yeye na nyumba yake sababu ya kutaka msitu uwepo.

Kuna watu hamtawaona mnapoanza safari, nao ndio wenye kazi. Wafuatiliaji wa nyayo wanaingia msituni kabla yenu, wanakwenda pale sokwe walipoachwa jana jioni, wanayatafuta malazi yao ya majani, kisha wanafuata njia mpaka wawapate na kuwajulisha waongozaji kwa redio. Nilipewa familia ya Mubare, ya kwanza kuzoeshwa watu huko Bwindi, iliyofunguliwa kwa wageni 1993. Kuzoesha familia moja huchukua kama miaka miwili ya watu kwenda kila siku, kukaa, kurudi nyuma, kukaa tena. Tulitembea saa tatu.

Harufu ilitangulia, kama jasho la mtu aliyelima, limechanganyika na majani yaliyopondwa. Mwongozaji akatoa mguno wa chini kooni, "mm-mmh", na kutoka vichakani sauti kama hiyo ikamjibu. Kisha akatuonyesha mama ameketi amegemea gogo, mtoto mikononi. Mtoto alikuwa akihangaika kulipata titi, anateleza, anapiga kelele ndogo. Mama hakumtazama. Alimpitishia kiganja mgongoni, akamwinua kidogo, akamgeuza shingo mpaka mdomo ukakaa. Ni hivyohivyo, kiganja hichohicho, nilivyowaelekeza akina mama sijui mara ngapi usiku wa manane. Dume mwenye mgongo wa fedha alikuwa amelala kifudifudi hatua chache nyuma yake na hakujishughulisha nasi. Nilipiga picha tatu, nikaweka simu mfukoni. Fanya hivyo na wewe, saa moja ni fupi, na macho yako yanaona zaidi ya kioo cha simu. Mkiambiwa rudini nyuma, rudi hapohapo usibishane. Umbali unaotakiwa sasa ni mita 10, ingawa sokwe mwenyewe hajui mita. Ukitaka kukohoa, geuka umpe mgongo na uzibe mdomo kwa kiwiko juu ya barakoa.

Usiondoke Buhoma kesho yake. Baki siku mbili. Watwa waliishi ndani ya msitu huu kwa vizazi mpaka 1991 ulipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa, wakatolewa, na wengi wakabaki bila ardhi. Wapo wanaotembeza wageni na kueleza maisha yao ya zamani. Nenda, lakini nenda kusikiliza, na hakikisha malipo yanafika mikononi mwao. Mzee mmoja alinionyesha mti wa dawa ya tumbo, akanyamaza, akasema sasa akiutaka lazima aombe ruhusa. Sina jibu la kumpa mzee yule, na sitaki mtu aende Bwindi asisikie hayo. Nunua pia kahawa ya wakulima wa pembezoni mwa msitu. Lile shirika la Dakta Gladys lina mpango wa kuinunua kwa bei nzuri ili mkulima asilazimike kuingia msituni kutega. Ukitaka kujua uwindaji huo una uzito gani, Juni 2020, wageni wakiwa wamekatika kwa sababu ya korona, dume maarufu aliyeitwa Rafiki aliuawa kwa mkuki na mtu aliyekuwa akiwinda wanyama wadogo. Mtu huyo alifungwa miaka 11. Familia ya Rafiki ikabaki bila kiongozi.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa Agosti 2024, Ol Pejeta, Laikipia. Hii ni rahisi kwa mtu wa Pwani: Tanga, Horohoro, Mombasa, treni ya SGR mpaka Nairobi, kisha matatu ya Nanyuki. Hifadhini huwezi kuingia kwa miguu, kwa hiyo tafuta wenzako Nanyuki mchangie gari. Kuwaona faru weupe wa kaskazini kunalipiwa kando na kiingilio, na nafasi ni chache, basi weka nafasi mapema.

Wamebaki wawili duniani, wote majike. Najin alizaliwa 1989, binti yake Fatu 2000, wote katika hifadhi ya wanyama ya Dvůr Králové, Ucheki. Waliletwa Kenya Desemba 2009 pamoja na madume mawili, Suni na Sudan, kwa matumaini kwamba hewa na nyasi za Afrika zingewafanya wazae. Haikuwa. Suni alikufa 2014, na Sudan, babake Najin, 19 Machi 2018. Zamani kundi lao lilikuwa Uganda, Sudan, Chad na kaskazini mwa Kongo, na hifadhi ya Garamba, huko Kongo, ndiko walikoonekana porini mara ya mwisho. Pembe ndiyo iliyowamaliza, na vita vikawapa majangili silaha na nafasi.

Ukiwa mbele yao, sikiliza kwanza. Faru mweupe ana mdomo mpana, na anavyokata nyasi unasikia "krrp, krrp" kama mtu anayepasua kitambaa. Najin anatembea taratibu, miguu yake ya nyuma ni dhaifu. Mlinzi alimwita kwa jina, sikio moja likageuka, halafu la pili, kisha kichwa chote. Walinzi wanakuwa nao mchana na usiku, kwa zamu. Nilimuuliza yule kijana usiku unakuwaje. Akasema wakati wa mvua ndio mgumu, maana husikii mtu akija.

Uliza pia habari za mayai, hata kama unaona aibu. Madaktari walikuta Najin na Fatu hawawezi kubeba mimba. Tangu Agosti 2019 wanadungwa usingizi, mayai yanavutwa, yanasafirishwa haraka Italia, yanarutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, na viinitete vinahifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Najin alistaafishwa 2021 kwa ajili ya umri na afya, akabaki Fatu peke yake. Mimba itabebwa na jike wa faru weupe wa kusini, ambao ni wengi kuliko hawa. Januari 2024 ilitangazwa kwamba jike mmoja aliwekewa kiinitete cha majaribio, cha jamii ya kusini, na kikashika. Mama huyo alikufa kwa bakteria waliofukuliwa na mvua kubwa, na ndani yake wakakuta kijusi cha siku 70, dume. Nilipoelezwa hayo nililia, kwa sababu najua ilivyo kumpoteza mama na mimba pamoja, na najua pia siku 70 zina maana gani: njia inapitika.

Tenga saa moja kwa makaburi ya faru, chini ya mti, kila mmoja na kibao chake chenye jina na namna alivyokufa. Wengi walipigwa risasi. Na kama una nguvu bado, kuna makao ya sokwemtu hapohapo. Wa kwanza waliletwa 1993 kutoka Burundi kukimbia vita.

Kuna pesa moja tu ninayojuta kuitoa. Miaka iliyopita, mahali fulani pa pwani, nililipa niogelee na kasa ndani ya bwawa. Tuliambiwa wanatunzwa ili waachiwe baharini. Nilipouliza lini waliachiwa wa mwisho, kila mtu alinitajia mwezi wake. Magamba yao yalikuwa yanateleza kwa mafuta ya jua ya wageni. Tangu siku hiyo nauliza kabla ya kulipa: huyu mnyama ametoka wapi, anarudi lini, na nani anaandika kumbukumbu zake? Panapofanyika kazi ya kweli watakujibu kwa tarehe, na mara nyingi watakutolea kitabu. Ukiruhusiwa kumshika, kumbeba au kumlisha ili upige picha, ondoka hata kama umeshalipa.

Neno la mwisho ni la simu. Zima utambulisho wa mahali kwenye kamera kabla ya kuingia hifadhini, hasa kwa faru, kwa kuwa picha inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ulipoipigia, na majangili nao wana intaneti. Usitaje njia wala lango, na usiweke picha mtandaoni ukiwa bado upo. Ile ya Fatu nilimtumia mdogo wangu nikiwa nimeshavuka Horohoro.